Ua Usio na Ngazi

Jumamosi, 7 Machi

Fundi ameanza kazi. Hatimaye.

Ua wetu umeinama tangu nizaliwe. Nyumba iko juu, geti liko chini, na katikati ni udongo mtupu unaotelemka kila mvua ikinyesha. Mwaka jana ulilifukia geti likagoma kufunguka, tukawa tunapitia kwa jirani kama wezi.

Mpango wote ni wa Baba. Kabla hajaondoka na lori alinichorea chini kwa kijiti: hapa ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, juu yake ukuta wa pili, katikati bustani na benchi la zege. Na ngazi pana, moja kwa moja kutoka getini hadi barazani. Alisema akirudi mwezi wa tatu atakaa kwenye hilo benchi avue viatu, na mimi nimsomee ripoti yangu ya shule.

Fundi tunamwita Fundi Taratibu, kwa sababu hawezi kusema jambo bila kuanza na neno hilo. Leo amefunga kamba zake, akaukodolea macho mteremko, akasema: taratibu, mlima haugombezwi. Bibi akamjibu kutoka barazani kwamba asiugombeze, ila asizeeke nao pia, maana chai ya mafundi si ya urithi. Fundi alicheka mpaka kamba ya timazi ikayumba mkononi mwake.

Mwezi wa tatu ndio huu.

Jumapili, 8 Machi

Baba amepiga simu. Mama alizungumza naye chumbani, mlango umefungwa, muda mrefu. Kisha nikapewa mimi, kidogo tu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyelala chali. Nilimwomba awashe kamera aone msingi. Akasema kamera imeharibika.

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke: "Tukugeuze kidogo." Simu ikakatika.

Mwalimu wa Kiswahili anatufundisha kuandika kwanza tulichokiona na kukisikia, halafu tulichofikiri. Basi nimeandika nilichosikia. Ninachofikiri bado sijui. Mwanamke gani? Amgeuze aelekee wapi? Nilimuuliza Mama, akasema labda ni redio.

Jumatano, 11 Machi

Ukuta wa chini umenifika kiunoni. Ni mzuri, mawe yameshikana kama meno. Nyuma yake Fundi amejaza kokoto, na amepenyeza vipande vya bomba kati ya mawe ili maji yapate pa kutokea. Anasema ukuta hauangushwi na udongo, unaangushwa na maji yaliyofungiwa. Nimependa hilo.

Lakini jioni mambo yamegeuka. Baba mdogo alikuja, naye hapa kwetu haji katikati ya wiki. Yeye na Mama walisimama na Fundi karibu na geti wakinong'ona. Walipomaliza, Fundi akang'oa vigingi vya ngazi. Vyote.

Ngazi zimefutwa! Badala yake itakuwa njia ya zege, laini, yenye vyuma vya kushikia huku na huku. Nikauliza kwa nini. Mama akasema ngazi zinateleza. Papo hapo Baba mdogo akasema ni kwa ajili ya magoti ya Bibi. Walijibu pamoja, kisha wakatazamana.

Swali moja, majibu mawili. Darasani wangepewa sifuri wote.

Alhamisi, 12 Machi

Bibi amezipata habari za magoti yake.

"Magoti ya nani?" alimuuliza Baba mdogo. "Mimi mlima huu nimeupanda nawe mgongoni na ndoo kichwani, na wewe ulikuwa mzito kama deni. Leo nijengewe njia ya kiwete? Mimi nimekatika miguu?"

Nilitegemea Baba mdogo acheke. Hakucheka. Alitazama kiatu chake. Mama akaliacha sufuria motoni akaenda zake chumbani.

Bibi akanigeukia. "Mke mwenzangu," akaniambia polepole, "kwani nimesema nini?"

Sijui, Bibi.

Baadaye alijaza ndoo ya maji, akashuka nayo hadi getini, akapanda tena mbele ya mafundi wote bila kupumzika. Alipofika juu akamwagia mche wake wa waridi na kusema, magoti hayo hapo, mwenye macho na aone. Msaidizi wa Fundi alipiga makofi. Mama alikuwa dirishani. Uso wake sikuuelewa. Haukuwa wa hasira.

Jumamosi, 14 Machi

Leo nimefanya hesabu ya kweli, si ya daftari. Fundi alikuwa amechora njia moja kwa moja kutoka getini, nikamwambia ni kali mno. Mwalimu wa jiografia alitufundisha: gawanya kimo kwa urefu, utajua mteremko. Tukapima pamoja kwa kamba na bomba la maji la kupimia usawa. Fundi akakuna kichwa, akasema taratibu, binti ana hoja, maana ameambiwa iwe njia ambayo mtu anaweza kujisukuma mwenyewe.

Kujisukuma? Mtu hujisukumaje? Nilimuuliza, akawa ghafla na haraka ya kuchanganya saruji. Fundi Taratibu, haraka.

Basi njia itapinda. Itakwenda kulia hadi kwenye ukuta wa pili, igeuke, irudi kushoto hadi barazani. Itakuwa rahisi kuipanda. Lakini kona yenyewe inakula mahali pa benchi. Hakuna namna nyingine, nimejaribu mara nyingi kwenye karatasi.

Nilikwenda kumwomba Mama msamaha, kwa sababu hesabu ni yangu na benchi ni la Baba. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, bila kuinua macho: "Usijali. Baba yako atakuja na kiti chake."

Nikasubiri acheke. Akaendelea kukunja.

Jumatatu, 16 Machi

Nimerudi kutoka shule nikamkuta Mama ameazima futi ya Fundi, anapima mlango wa bafu. Kesho watauvunja uwe mpana. Bafu halina mteremko. Bafu halina udongo wa kuzuia. Nimekosa swali la kwanza la hisabati ambalo ningeweza kulifanya usingizini.

Jumatano, 18 Machi

Nilimuuliza Baba mdogo. Akasema muulize mama yako. Nikamuuliza Mama. Akasema utamuuliza baba yako akija.

"Anakuja lini?"

"Ijumaa ya wiki ijayo."

Nimeingoja siku hii tangu Desemba na sikuruka. Mama alilitamka neno lile kama mtu anayetangaza mtihani. Bibi aliposikia alipiga kigelegele, akaanza kupanga atampikia nini, akasema mwanawe akifika ataishangaa hii njia ya nyoka. Mama akasema ndiyo, Mama, ataishangaa.

Kuna jambo naliona na sitaki kuliandika. Nikiliandika nitakuwa nimelifikiri.

Jumamosi, 21 Machi

Zege limekauka. Fundi ameondoa mbao, amekusanya vifaa, ameaga. Kabla hajatoka getini alimwambia Mama kwamba vyuma vimeshika vizuri, avitegemee tu. Kisha akanipa mkono kama mtu mzima.

Bibi alikwenda dukani. Mama akalichukua toroli, akapakia mawe yaliyobaki, akalisukuma kutoka getini hadi barazani. Akashuka. Akaongeza mawe. Akapanda tena. Nikadhani anasafisha ua, nikaenda kumsaidia. Lakini aliyashusha mawe palepale alipoyatoa.

"Ingia," akaniambia.

"Niingie wapi?"

"Humu."

Nikaingia kwenye toroli, mimi, kidato cha pili, magoti kidevuni. Mama akasukuma. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, hesabu yangu ilikuwa sahihi. Kwenye kona akasimama. Nilisikia pumzi yake shingoni mwangu. 

"Baba yako ni mzito kuliko wewe," akasema.

Nikashuka. Tukakaa juu ya ukuta, pale pale ambapo benchi lingekuwa. Akaniambia yote. Lori lilipinduka mwezi wa kwanza. Alifanyiwa upasuaji wa mgongo. Mikono ni mizima, akili ni nzima, utani wake mbaya upo vilevile. Miguu haijarudi, kwa hiyo atakuja na kiti cha magurudumu. Madaktari wanasema huenda ikarudi — Mama analishika hilo "huenda", nami nimelishika pia. Yule mwanamke wa simuni ni muuguzi. Baba mwenyewe ndiye aliyekataza tuambiwe, mimi na Bibi, kabla hatujamwona. Hasa Bibi, kwa ajili ya moyo wake.

Kwa hiyo nimechora njia ya Baba bila kujua. Sijui kama nilie au nifurahi kwamba haikuwa kali.

"Bibi nitamwambia mimi," Mama akasema. "Nipe mpaka kesho. Nenda ukanawe uso."

Nimenawa. Nimekaa kitandani naandika. Kutoka dirishani namwona Bibi amerudi. Ameweka kikapu chini na ameinama kwenye kona ya njia, anaokota kokoto moja moja, anazitupa bustanini. Nilifungua dirisha nikamuuliza anafanya nini, kwani njia si imekwisha?

"Naisafisha kona," akasema bila kugeuka. "Yale magurudumu madogo ya mbele hukwama kwenye kokoto."

Toroli letu lina gurudumu moja, na ni kubwa.

Nimelifunga dirisha taratibu. Sasa Bibi ananiita nimpelekee ufagio. Na Mama ananiita kutoka jikoni, anauliza kama Bibi amesharudi, na kama ameonekana mwenye furaha —