Upande Tuliopewa na Sarafu

Ijumaa usiku

Ndiyo, tumeshinda, na bado nimeudhika. Kwenye debate ya chuo huchagui upande, sarafu inarushwa. Mada ilikuwa wachuuzi wafukuzwe barabarani, na sisi tukapewa wafukuzwe. Nikasema wanaziba njia na kuchafua mji. Majaji wakanipa msemaji bora.

Mathe, mama yangu, huuza ndizi kando ya barabara mjini. Leo aliacha kuuza ndio aje kunisikiliza, na akapiga makofi kuliko watu wote.

Tukirudi nyumbani Kaptembwo akaniuliza, "Kevo, sasa mimi nitauzia wapi?"

Nikamwambia hiyo ni debate tu, si lazima uamini unachosema.

Tulipofika kwa geti akaniuliza tena, "Na wale wengine walikuwa wanapiga makofi, wanajua hivyo?"