Kiti cha Juu Kimeshanizoea

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na jambo lenyewe linahusu makalio, kwa hiyo kama unaisoma barua hii mbele ya wakwe ifiche chini ya meza kwanza, wakiondoka utaendelea. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, fundi wa makochi, nimestaafu mwaka huu. Shule niliishia darasa la nne kwa sababu mwalimu wa hesabu na mimi hatukukubaliana kuhusu jibu, basi mkato na nukta utanisamehe, mimi nikianza sentensi huwa sijui breki iko wapi.

Mtaani wananiita Sindano. Mke wangu namwita Kamishna, wala si dharau, ndicho cheo chake, nyumbani kwetu hata redio haiwaki bila kibali. Tuna miaka arobaini na mitatu ya ndoa. Wiki tuliyooana jirani wa ukuta wa pili alikuwa akigombana na mkewe kila asubuhi kabla ya chai, nikamwahidi Kamishna kwamba tukizeeka nitamtafutia makao yasiyo na majirani, akacheka akasema labda kaburini, nikamwambia hapana, kwenye boti.

Basi nimeuza karakana na nimeanza kutafuta hiyo boti, iliyotumika, ya ukubwa wa kati, futi thelathini na sita hivi, yenye chumba cha kulala chini, jiko, choo cha kukaa, na hasa hasa nilitaka ile yenye usukani mara mbili, mmoja ndani na mwingine juu ya paa, kwenye roshani ya wazi, ambako nahodha anakaa kifua mbele akipigwa na upepo kama waziri. Miezi miwili nimezunguka pale zinapofungwa boti za watu wenye nafasi, mpaka dalali akiniona anajifanya anaongea na simu. Zimebaki mbili.

Ya kwanza ina sura mbaya, usukani mmoja tu, juu hakuna kitu, imekaa kama kibanda cha vocha kilichosombwa na mafuriko. Nyuma ina benchi moja pana la kukalia, nalo limechoka, sponji imelala, limeingia mabonde mawili na yamesogeleana mpaka ukingo wa katikati umekwisha. Nikaandika kwenye daftari "benchi baya", nikaondoka.

Ya pili ndiyo iliyoniletea maradhi. Nyeupe, imenyooka, injini mbili zinanguruma vizuri, na roshani ninayoitaka. Unapanda kwa ngazi ya chuma, vidato saba, imesimama wima kama askari. Nikapanda nikitweta. Juu kuna viti viwili vimekaa bega kwa bega, kimoja cha nahodha mbele ya usukani, kingine cha mwenzake. Sasa mshauri, kiti mimi nakisoma kama wewe unavyosoma barua. Nikikipapasa nakwambia huyu alikunja mguu, huyu aliweka pochi mfuko wa nyuma, huyu alikuwa hampendi aliyekaa mbele yake. Kile cha nahodha kilikuwa na bonde. Mtu mmoja, miaka mingi, mwenye nyonga mbovu ya kulia, maana kaegemea kushoto na upande wa kushoto umezama zaidi kwa vidole viwili.

Nikamwita dalali. "Mwenye boti anachechemea?"

"Mwenye boti ni daktari wa meno, mzee. Mwembamba kama mswaki. Huko juu hajawahi hata kupanda, anaogopa kimo."

"Na aliyekuwa nayo kabla yake?"

"Hakuna wa kabla yake."

Nikamwambia basi niruhusu nivishone upya viti vyote viwili kabla sijaamua, maana siwezi kununua kiti chenye mtu. Akacheka. Nikaleta sponji mpya, ile ngumu, vipande viwili kutoka bonge moja. Nikashona kwa mkono wangu, chini nikafunga fundo langu ambalo hakuna fundi mwingine analijua, pembeni nikatoboa vitundu sita vya kupumulia, maana sponji isipopumua inaoza. Mikono ya viti nayo nikaivalisha ngozi mpya ya plastiki, nyeusi. Halafu nikafunika turubai na kulifunga.

Nikarudi baada ya siku nane. Turubai lilikuwa na vumbi lake, halijaguswa hata na ndege. Fundo la kamba ni langu. Nikafunua. Kiti cha mwenza kimevimba kama andazi lililotoka sasa hivi jikoni. Kiti cha nahodha kina bonde. Kushoto kumezidi kwa vidole viwili. Nikakipindua, fundo la uzi chini ni langu, halijafunguliwa.

Hapo mshauri nikakumbuka jambo ambalo mtu mwenye akili angelikumbuka mapema. Miaka ishirini iliyopita nilidondoka kwenye lori tukipakia sofa ya watu watatu, sofa ikaja juu yangu, tangu siku hiyo nyonga yangu ya kulia ni ya mapambo tu. Nikakaa. Nimekaa kwenye viti maelfu, ndiyo kazi yangu, na kila kiti kigeni kinakukatalia kidogo, kinakusukuma. Hiki hakikunisukuma. Kilinipokea kama kitanda cha nyumbani.

Nina tabia mbaya, nikikaa nasugua mkono wa kiti kwa dole gumba, Kamishna kila siku anapiga kelele, "Sindano, acha kula viti vyangu!" Nikaangalia dole gumba langu lilipofika. Ngozi ile nyeusi niliyoivalisha siku nane kabla ilikuwa imesuguliwa pale pale mpaka imekuwa nyeupe. Nikaliondoa dole haraka, nikaliweka mdomoni kama mtoto.

Kumbe bado. Jumanne tulitoka majini kuijaribu, saa nne ya asubuhi, jua kali, watu wawili tu, mimi na dalali, tuko chini ndani, yeye kashika usukani wa chini anajisifu. Ghafla tukasikia juu ya vichwa vyetu, fuuuu. Taratibu. Mshauri, sauti hiyo nimeisikia miaka hamsini. Ni sponji mpya ikitoa hewa kupitia vitundu vyangu sita, na hutoa hewa kwa sababu moja tu.

"Nani yuko juu?" nikauliza.

"Hakuna mtu juu, mzee wangu."

"Pamekaliwa."

"Ni upepo huo."

"Upepo hauna makalio, kijana."

Nikamwona anaondoa mikono kwenye usukani, pole pole, kama mtu anayempisha mkubwa wake, na boti ikaendelea kwenda moja kwa moja mpaka ilipopita boya, ikakata kona yake vizuri kabisa. Tuliporudi hakuna aliyetaka kupanda kufunika turubai. Nikapanda mimi, kwa kuwa ndimi mzee, tena nilikuwa nimeshajizoea.

Lakini kinachonikosesha raha si bonde langu. Kinachonikosesha raha ni kiti cha pembeni. Bonde lile ni la miaka kumi, naapa kwa mkasi wangu. Miaka kumi ambayo bado haijafika nimekaa pale juu naendesha, na pembeni yangu hajakaa mtu hata siku moja. Kamishna yuko wapi? Naona haya kumwuliza mwenyewe. Siku hizi akikunja nguo mimi namhesabia pumzi, ananiuliza, "Unanitazama nini, nina deni lako?" Boti hajaiona, nilitaka siku ya siku nimfunge kitambaa machoni. Yeye anasema tu, "Ukiridhika wewe mimi nimeridhika, ila pasiwe na ngazi nyingi, magoti yangu siku hizi kushuka kibarazani yanapiga kura kwanza."

Dalali anataka jibu Jumamosi. Ninunue au nisinunue? Na nikinunua nimwambie Kamishna nilichokisoma kwenye kiti, au ninyamaze? Nijibu upesi na usinicheke, ukishindwa kujizuia cheka nusu.

Sindano, fundi mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo Mzee Sindano. Nimekwisha kukupa heshima yako, sasa kaa nikugombeze, na ukae popote isipokuwa kwenye kiti hicho.

Sikukucheka. Nilicheka nusu mpaka kwenye andazi, hapo kicheko kikaniishia. Kaka yangu anauza magodoro, nikampa barua yako nikamwuliza kama sponji ngumu inaweza kuingia bonde la miaka kumi kwa siku nane. Akaisoma mara mbili, kisha chai yake yote akainywa amesimama. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba ni joto, au umekosea kununua sponji, au macho ya uzee. Wewe unajua kazi yako. Kilichoandikwa kwenye kiti umekisoma sawasawa.

Tatizo lako ni kwamba umekisoma chote, ukaacha kujisoma wewe. Ngazi ya vidato saba, imesimama wima kama askari, wewe mwenyewe umefika juu unatweta. Mkeo anakwambia magoti yanapiga kura kushuka kibarazani. Vyote viwili umeviandika kwa mkono wako, katika barua moja, na hujaviweka pamoja! Unauliza kwa nini kiti cha pembeni hakijakaliwa miaka kumi. Baba, angepandaje? Unamhesabia mama wa watu pumzi kana kwamba anakufa, naye huenda ameketi chini, kwenye hicho chumba chenye jiko, miaka kumi, anasikiliza nyayo zako juu ya dari. Umemwahidi makao yasiyo na majirani, ukaenda kumtafutia makao ambayo jirani yake ni wewe.

Sijui kama ndivyo ilivyo. Inawezekana pia kiti kinasema lile unaloliogopa. Sina njia ya kujua, na wewe huna, na dalali aliyeachia usukani katikati ya maji hana, ingawa huyo ninamshangaa zaidi kuliko kiti. Lakini hata kama ni hili au ni lile, jibu langu ni moja: usinunue. Boti ambayo mwenzako hawezi kuipanda ni yako peke yako tangu siku ya kwanza, hata akiwa mzima wa afya.

Jumamosi usingoje dalali akupigie, mpigie wewe, mwambie hapana kwa sauti ya kusikika. Akikushushia bei, hapana. Turubai usiende kulifunika tena, wala usirudi kuchukua uzi wako. Na usiwe na tamaa ya kukipasua kiti uone ndani kuna nini, najua mafundi mlivyo.

Halafu tumzungumzie huyu Kamishna. Mwambie. Mwambie yote, pamoja na dole gumba. Umeishi naye miaka arobaini na mitatu, unadhani hajaona kwamba unamtazama anapokunja nguo? Mwanamke anayetazamwa hivyo anaanza kujipapasa mwenyewe kutafuta ugonjwa. Na hicho kitambaa cha kumfunga machoni kitumie kufutia vyombo. Mtu wa magoti kama hayo unamtembeza gatini haoni anapokanyaga?

Kisha urudi kwenye ile yenye sura mbaya. Ndiyo, kibanda cha vocha. Umeniandikia mambo mengi sana kuhusu makalio, na kuhusu injini maneno mawili, "zinanguruma vizuri". Hata mbwa wangu ananguruma vizuri. Tafuta mkaguzi wa boti ambaye si rafiki wa dalali. Ipandishwe nchi kavu, aigonge tumbo lote kwa nyundo ndogo, panapolia butu pana maji ndani. Injini iwashwe ikiwa baridi, na ukikuta wameshaipasha moto kabla hujafika, geuza uende zako. Fungua kila mlango, lala kwenye kitanda, kaa kwenye choo, nusa chini ya sakafu. Hayo yakipita, ndipo unapokwenda kule nyuma kwenye benchi.

Maana hapo, mzee wangu, ndipo uliponiudhi kweli. Fundi wa miaka hamsini amekuta mabonde mawili yamekaribiana mpaka ukingo wa katikati umekwisha, akaandika "benchi baya", akaondoka! Kile cha juu ulikipima kwa vidole. Haya ya chini hukuyapima. Hujui kama moja limezidi kushoto. Hujaangalia kama mkono wa benchi, upande wa nje, pana mahali pamesuguliwa.

Usiende kupima sasa. Futi iache nyumbani. Nenda na mkeo, asubuhi, mshike mkono pale gatini, mwache aingie kwanza na achague upande wake mwenyewe bila wewe kumwonyesha. Akishakaa, kaa na wewe.

Na likiwapokea wote wawili, sponji usiibadilishe.