Dole Gumba Kwenye Faili

Kwako Dada mpendwa,

Salamu nyingi zikukute mzima wewe, shemeji na wanao wote. Mgongo unaendeleaje? Usiniambie umeanza tena kubeba ndoo mbili mbili kama msichana. Sisi huku hatujambo kiasi. Binti yangu anarefuka, kila muhula nateremsha pindo la sketi yake ya shule, na cherehani yangu inakohoa lakini inakwenda.

Uliuliza habari za mdogo wetu. Nilimwona gerezani mwezi uliopita. Amekonda, mvi zimemwingia, na bado ananitania kwamba sare yake ilishonwa na adui wa mafundi. Huu ni mwaka wa kumi na moja kati ya thelathini, kwa pigo moja la spana katika ugomvi wa gereji. Safari hii ana matumaini, na hayo matumaini yake ndiyo yananinyima raha.

Kuna wakili wa msaada wa kisheria, msichana mdogo wa miwani mikubwa, anayemwandikia ombi la kupunguziwa kifungo bila kutudai chochote. Alikusanya vyeti vya ufundi alivyopata mdogo wetu humo ndani, ripoti ya mkuu wa gereza na barua ya daktari. Akaniambia faili limebakiza kitu kimoja, nacho ndicho kamati ya msamaha hukitazama kwanza: barua ya familia ya marehemu, kusema wamesamehe. Ikanibidi niende kwa yule mzee seremala, baba wa kijana aliyekufa.

Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alifunga mlango kabla sijamaliza kumwamkia. Mara ya pili aliniacha niseme yote, kisha akasema kwa sauti baridi nimwache afikiri. Sikuweza kumtazama, Dada. Nilitazama chini muda wote. Kandambili zake naweza kukuchorea mpaka leo, ya kushoto imefungwa waya.

Wiki mbili zikapita kimya. Wakili akanikumbusha kwamba faili linafungwa Ijumaa. Ijumaa hiyo nikampelekea barua, imeandikwa vizuri, na chini yake dole gumba, maana mzee hajui kusoma wala kuandika. Wakili alinikumbatia hadi miwani yake ikapinda.

Jana nilikuwa nakata kitambaa, mara mzee mwenyewe akaingia dukani. Mkasi ukanidondoka. Alikuwa na karatasi ya kamati, akaomba nimsomee kwa kuwa hakutaka majirani wajue mambo yake. Ilimtaka afike Alhamisi kuthibitisha barua yake. Nikamsomea kwamba afike Alhamisi, hilo la barua nikalimeza. Akaichukua karatasi yake. Halafu akasema amefikiri vya kutosha, amechoka kulala na chuki, kijana wake harudi, na Alhamisi atasema mbele yao kwamba amesamehe. Nilitaka kulia kwa furaha. Ndipo alipoegemeza mkono wa kulia juu ya cherehani ili ainuke, nami kwa mara ya kwanza nikautazama. Dole gumba halipo. Aliponiona nimeduwaa akaniambia msumeno uliondoka nalo tangu ujana wake.

Dada, nadhani umeshaelewa. Barua ile niliiandika mimi, na dole lile ni langu. Tena kwa ujuaji wangu nikaandika pembeni kabisa, "dole gumba la kulia." Mzee alikuwa anakuja kutusamehe kwa miguu yake mwenyewe, nami sikumsubiri. Alhamisi watamwekea karatasi ile mbele, watauona mkono wake, na watadhani mdogo wetu ndiye aliyenituma. Ombi lenye uongo hutupwa, na la pili halipokelewi. Wakili naye atafukuzwa kazi kwa kosa asilolijua.

Kwa hiyo kesho wakifungua ofisi nitakuwa mlangoni. Nitamwambia wakili kila kitu, aiondoe barua hiyo kabla ya Alhamisi, mzee aseme kwa kinywa chake. Leo nimeshinda nikimalizia nguo za wateja, nisiache ya mtu nusu. Naogopa, Dada. Huenda kesho nisirudi nyumbani. Binti yangu atapanda basi la asubuhi aje kwako na barua hii, anachojua ni kwamba anakuja kukusalimia. Pindo la sketi bado lina inchi mbili, usimnunulie mpya.

Nisalimie shemeji, watoto, na yeyote atakayeniulizia kwa wema. Hapa chini, kando ya sahihi, nimeweka dole gumba langu la kulia. Wakija kuuliza lile la kwenye faili ni la nani, usibishane nao. Wape karatasi hii.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi cherehani