Foleni ya Sukari

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako hajambo, ni mgongo tu. Unasema mwalimu wako huko Uingereza anakucheka ukifasiri misemo yao neno kwa neno. Mimi hakunicheka mtu.

Enzi za Ujamaa, jirani yetu wa Kariakoo, Mzee Salumu, alinichukua hadi hospitalini alikolazwa mkewe, nikamfasirie. Daktari Mzungu akasema, "We lost her."

"Mzee, wamempoteza mama," nikamwambia.

"Mtu mzima anapotezwaje?" Akatoka kumtafuta, na mimi nyuma yake, mpaka kwenye foleni ya sukari mtaani kwetu.

"Mkeo katoka sasa hivi," akasema mama mmoja. "Kaniomba nimshikie nafasi. Kikapu chake hiki hapa."

Kilikuwa chake kweli. Mzee akasimama nacho, anatabasamu. Nikarudi mbio hospitalini. Muuguzi akafunua shuka kitandani kwa mama; ni yeye.

"Kafariki alfajiri. Daktari si aliwaambia?"

Nilipomrudia mzee, foleni ilikuwa imesogea, lakini ile nafasi ya mkewe mbele yake hakuna aliyeiingia.

"Wanasemaje?"

Nikamjibu, "Bado wanamtafuta."

Basi mwalimu akikucheka, mshukuru.

Babu yako