Nusu ya Sukari Uliyoniachia

Majengo, Nyeri
Jumapili alasiri

Baba Wanjiru,

Ni mimi, Nderitu. Najua barua hukuzipenda. Zikifika ulikuwa ukinipa mimi nikusomee, na kabla sijamaliza salamu ushaanza kulalamika, "Huyu anazunguka nini? Si aseme kitu anataka." Basi nasema ninachotaka. Kesho napanda mlima na wageni, mara ya kwanza tangu tukuzike, na kabla sijafunga mzigo nataka ujue nilikuwa wapi siku ile uliyokuwa ukiningoja. Naro Moru nzima inajua. Wewe tu ndiye hukuambiwa.

Miezi saba imepita. Wanjiru ameingia darasa la saba na amempita mama yake kwa urefu. Kile kibanda cha chai tulipokuwa tukingojea wageni kimepakwa rangi ya kijani, na bado wanabania majani. Mimi siishi tena Naro Moru. Nilipanga chumba hapa Majengo, karibu na msikiti, na siku za kazi nabeba saruji katika duka la vifaa vya ujenzi. Mgongo haujui tofauti. Chumba kina dirisha moja tu, nalo linatazama mlima, kwa hiyo nililiziba kwa gunia. Mama mwenye nyumba aliniuliza kama ninaumwa macho. Nikasema ndiyo.

Sikukulilia. Afadhali nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine. Kaburini walilia wapagazi wote, hata Gichuki ambaye mwaka mzima mlikuwa hamsalimiani. Mimi nilikuwa nikitazama udongo ulioshika kwenye viatu vya mhubiri. Nilingoja kilio jinsi mtu anavyongoja chafya, halafu kikapotea. Tangu siku hiyo ni hivyo hivyo. Nakula, nalala, nabeba saruji, mtu akinichekesha nacheka. Ndani hakuna kitu.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza, nilipopotea kwenye kinamasi juu ya msitu? Ukungu ulishuka nikabaki naona miguu yangu tu. Nilizunguka saa nzima na debe la mafuta ya taa mgongoni, nikidhani nafuata njia. Uliponipata hukunigombeza. Ulinivua mzigo, ukaniketisha juu yake, ukaniambia yale maneno ambayo baadaye ulimwambia kila mpagazi mpya, nami nikisimama nyuma yako nikikuigiza kwa midomo: "Ukipotea, kaa chini. Usitembee-tembee kama kuku. Kaa kwa mzigo yako. Kula nusu ya sukari, ile nusu ingine wachia mtu anakuja kukuchukua. Hata yeye ni mtu, atakuwa amechoka."

Kila mmoja wetu alikuwa na sukari yake kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwa karatasi. Mama Wanjiru alitupimia kwa kijiko, sawa kwa wote, na wewe mumewe hukuongezewa hata chembe. Na huyo mtu anayekuja kukuchukua nilikuwa mimi. Hiyo ndiyo kazi uliyonipa kwa miaka sita. Wewe mbele na wageni, mimi nyuma nahesabu vichwa. Asiyeonekana, mimi ndiye narudi.

Halafu akaja yule mwalimu kutoka Austria, tuliyempandisha na goti bovu, akanialika kwao miezi miwili nijifunze kuongoza watu kwa kamba. Niliogopa kukuambia. Wewe ukacheka. "Enda, enda uone kama mlima ya wazungu iko na baridi kushinda yetu. Lakini Saturday ile tumesema, uwe hapa. Monday tuko na wageni, na wapagazi wawili wapya. Mimi siwezi kuwa mbele na nyuma." Nilikuahidi. Tulishikana mikono pale mbele ya posta, na mikono yako ilikuwa na unga wa mahindi.

Miezi ile miwili sitakusimulia. Nilijifunza mafundo. Walinicheka kwa sababu kila tukipumzika naketi juu ya mzigo badala ya kwenye jiwe. Nilikununulia soksi za sufu, nzito, za rangi ya kahawia, maana nilijua unavyovaa soksi zilizotoboka na kusema zinapitisha hewa.

Nilianza safari ya kurudi siku ya Ijumaa. Mwalimu alinipandisha treni akanipa karatasi. Ningeshuka katika mji fulani wa kubadilishia treni, na dada yake, mwenye kitambaa chekundu kichwani, angekuwa ananingoja chini ya saa kubwa. Yeye angenipeleka kwenye treni ya pili, ile ya kwenda uwanja wa ndege. Treni yetu ilichelewa njiani. Nilipofika nilishuka, nikaitafuta saa, nikaiona, na chini yake hapakuwa na mtu.

Nikafanya ninachojua. Niliweka sanduku chini ya ile saa nikaketi juu yake.

Katika umati wote ule mtu aliyeketi nilikuwa mimi peke yangu. Walinipita pande zote mbili. Ng'ambo ya pili palikuwa na treni, watu wakaingia, firimbi ikalia, ikaondoka. Ilikuwa yangu. Sijui kama nilijua. Nadhani upande mmoja wa kichwa changu ulijua, lakini mtu haondoki alipopotelea, atapishana na anayekuja kumchukua. Hivyo ndivyo ulivyonifundisha. Nilipoinuka hatimaye kutafuta choo, nikapita kibanda cha magazeti, nikaona saa nyingine huko mwisho, kubwa kama ile yangu. Chini ya hiyo, niliambiwa baadaye, ndipo yule mama aliposimama mpaka treni ikaondoka, akarudi nyumbani akidhani sikuja. Nilizihesabu hatua kati ya saa na saa. Zilikuwa sitini na mbili.

Mfanyakazi mmoja wa kituo alisoma tikiti yangu akanipandisha treni nyingine. Uwanja wa ndege nilikuta ndege imekwenda. Msichana wa kaunta alinichorea kwenye kalenda: Jumanne, nitafika Nairobi Jumatano. Kesho yake asubuhi nilituma telegramu kwa sanduku la posta lenu. Unaikumbuka. NIMEKOSA NDEGE. NAFIKA JUMATANO. NGOJA. NDERITU.

Hilo neno NGOJA nililichagua mimi.

Siku nne nilikaa pale uwanja wa ndege. Nilijifunza kufua shati kwenye sinki na kulianika juu ya bomba la joto. Nilijifunza benchi lisilopigwa na upepo wa mlango. Nilijifunza kwamba ukimwonyesha mtu karatasi anakusaidia haraka kuliko ukimsemesha. Asubuhi nilitembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine mara ishirini ili miguu isilale, kisha narudi kwenye sanduku. Sikuwa na huzuni, nilikuwa kama mfuko uliosahauliwa.

Palikuwa na mzee mmoja wa kufagia, mwenye masharubu ya mvi, naye si mwenyeji wa pale, hilo nililiona kwa jinsi wenyewe walivyompita. Hatukuwa na neno hata moja la pamoja. Siku ya pili aliniona nikila nusu ya mkate na kuifunga nusu nyingine kwenye karatasi. Akaonyesha kwa kidole, akainua nyusi: ya nani hiyo? Sasa ningemwelezaje? Nikampa. Akaegemeza ufagio ukutani, akaketi, akaila yote bila haraka, akapangusa masharubu. Tangu hapo alikuja kila siku na tofaa au kikombe cha kahawa.

Nikawaza, lo, maneno ya Baba Wanjiru yanafanya kazi hata Ulaya. Nilifurahi, Baba Wanjiru. Nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyokusimulia ukacheka mpaka ukakohoa. Kahawa ya mwisho niliinywa Jumanne mchana, kabla ya kupanda ndege, na saa hiyo wewe ulikuwa kwenye kinamasi.

Jumatano nilishuka kwenye basi la Nairobi, nikakuta kibanda cha chai kimefungwa. Mama wa kibanda alikuwa amesimama nje na leso mkononi. Akaniambia, "Nderitu, ni wewe? Umetoka wapi na hiyo sanduku? Kwani haujaambiwa? Baba Wanjiru, wanamshukisha saa hii." Sanduku nilimwachia yeye. Niliwakuta penye daraja la msituni, watu wanne na machela. Nikamwondoa Gichuki, nikashika pembe ya nyuma.

Mengine nilisimuliwa na wale wapya wawili kutoka Kangema. Jumatatu karani wa posta alikusomea telegramu, ukacheka. "Ati ningoje. Haya, mwambie wageni nao wangoje." Ukaitia mfukoni. Ulimweka mmoja wa wale wapya mbele, kwa sababu njia ya mbele inaonekana, ukashika nyuma mwenyewe, kwa sababu watu hupotelea nyuma. Jumanne mmoja wao alichoka ukampunguzia mzigo ukauongeza kwenye wako. Kifua kikaanza kukubana. Mvua ikaja na ukungu. Ukawaambia watangulie. Walipofika kibanda cha kulala huko juu waliwasha jiko la wageni, na mtu alipokuja kuhesabu vichwa giza lilikuwa limeingia. Mmoja wao ananiambia hadi leo, "Sisi tulifikiri anakuja. Huyo mzee si hukuja tu kila mara?" Siwalaumu. Hawakuwa wamefundishwa kurudi. Aliyefundishwa nilikuwa mimi, na mbele yako walikuwepo watu, ila nyuma yako hakuna.

Walikukuta asubuhi kwenye lile jiwe kubwa tunapofungia kamba za viatu. Ulikuwa umeketi juu ya mzigo, turubai mabegani. Hukuwa umepotea, wewe unayejua kila jiwe la njia ile, lakini uliketi. Wenzako wote walikuwa juu, na wewe ulikuwa umeelekea chini, upande wa Naro Moru.

Mfukoni kulikuwa na telegramu na sukari. Nusu umekula. Nusu imekunjwa vizuri, mara nne.

Mama Wanjiru alinipa hiyo nusu baada ya mazishi. "Chukua. Hii ni yako, alikuwekea." Kisha akaenda kuwagawia watu chai. Zile soksi nilizokuletea alikuwa amekuvalisha yeye mwenyewe kabla hatujafunga jeneza, kwa hiyo angalau miguu haipati baridi. Sukari nimeiweka hapa mezani, ndani ya kopo la majani ya chai. Imegandamana kwa unyevu. Kwa miezi saba nimelifungua kopo kila siku na kulifunga.

Juma lililopita Mama Wanjiru alikuja Majengo. Hakubisha hodi mara mbili. Aliingia, akatazama kitanda, akatazama dirisha, akaling'oa lile gunia kwa mkono mmoja. Mlima ukawa ndani ya chumba. "Wageni wamekuja, watu sita," akasema. "Nani atawapeleka? Wewe unabeba simiti na mlima iko hapo? Nderitu, mimi nilizika mtu mmoja. Sijakubali kuzika wawili." Akaketi kitandani akiwa na koti lake, akaomba maji. Nikampa, akanywa yote.

Nikakubali, kwa sharti kwamba sishiki mbele. Gichuki atakuwa mbele, anajua njia, na siku hizi anakusifu kweli, ungecheka. Mimi niko nyuma. Na nyuma tutakuwa wawili. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na nimewaambia wapagazi wote pale kibanda cha chai: maadamu magoti yangu yanakunjika, katika kundi langu hakuna mtu atakayetembea wa mwisho peke yake. Mmoja wa wale wa Kangema alisema ni hasara ya mgongo mmoja. Huyo ndiye niliyempanga nyuma pamoja nami.

Mama Wanjiru amenipimia sukari yangu ya safari. Nimeitia mfuko wa kulia. Yako nimeitia mfuko wa kushoto.

Jumanne mchana tutafika kwenye lile jiwe. Nitawaacha wageni wafunge viatu watangulie, na mwenzangu wa nyuma nitamwomba asimame kidogo. Nitaweka mzigo chini, nitaketi, nitaifungua ile karatasi na kuila yote, bila kumwachia mtu, kwa sababu hiyo nusu ilikuwa ya yule anayekuja kukuchukua. Sijui kama nitalia. Nikilia nitakuambia. Nimechoka, Baba Wanjiru, kama ulivyosema nitakuwa nimechoka. Kisha nitainuka nihesabu vichwa, nipande.

Nimechelewa, najua. Kaa hapo hapo kwa mzigo yako. Usitembee-tembee. Nakuja.

Wako wa nyuma,
Nderitu