Behewa Linaloingia Handakini Lenyewe

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Treni yangu ya mfano imezunguka! Kutoka Dar mpaka Mbeya bila kuchomoka relini — mita kumi na nane za reli, hapa katika chumba cha chini ya nyumba yetu ya ughaibuni, Ilford. Miaka mitatu. Kilichonisumbua ni kona ya Mlimba, ilikuwa inagonga nguzo ya matofali katikati ya chumba. Nilimwahidi mke wangu Haika sitagusa nyumba. Mwezi wa nane alipokwenda kwa binti yetu Aikaeli nikaibomoa nguzo. Siku mbili, nyundo na patasi. Mahali pake nimejenga mlima wa plasta wenye handaki. Leo mke wangu ameshuka, akausifu mlima. Hakuuliza nguzo iko wapi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Behewa nililoliacha stesheni ya Mlimba nimelikuta ndani ya handaki. Nimemuuliza Haika kama alishuka kufuta vumbi. Kanuna. Anasema magoti yake hayapandi na kushuka ngazi kwa ajili ya midoli. Midoli!

Jumatatu, 13 Oktoba

Tena handakini. Nimeweka pimamaji — pameinamia mlimani. Mbao za nchi hii, zinakunywa unyevu. Meza ya reli nimeining'iniza kwa vyuma kwenye boriti za sakafu ya juu, basi nimekaza nati na pamekuwa sawa. Nilikuwa mkaguzi wa njia ya reli miaka kumi na tisa. Reli iliyoinama haikunipita.

Ijumaa, 17 Oktoba

Imeinama tena. Si mbao.

Haika analalamika mlango wa sebuleni unakwaruza zulia. Nimeupiga randa kidogo. Kabati la vyombo nalo linajifungua lenyewe. Hilo sikuligusa.

Jumanne, 21 Oktoba

Kwa jirani yetu Bhavini kuna fundi wa paa, Jeff. Nimempelekea chai, nikamwuliza eti rafiki yangu kaondoa nguzo chini ya nyumba, je, kuna shida? Hakucheka. Akasema huyo rafiki aweke vyuma vya kushikilia boriti leo hii, amwite mhandisi, na asijaze watu chumba cha juu. Kisha akauliza rafiki anaishi wapi. Nikasema mbali, Peckham.

Sijala chakula cha jioni. Nimemwambia Haika tumbo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Haika amealika watu wote wa ushirika wetu wa kanisani Jumapili, baada ya ibada! Waimbe, wale, halafu washuke kuona reli. Anasema miaka mitatu alinicheka, sasa anataka kujivunia mumewe. Kafurahi sana. Nimefungua mdomo nimwambie. Nikauliza kama mchele upo wa kutosha.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 25 Oktoba

Jana jioni nilisimamisha mbao mbili chini ya boriti. Moja imelia usiku kucha. Sasa asubuhi imepinda.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa tisa alasiri. Watu thelathini wako juu ya kichwa changu. Nimesingizia nashuka kuwasha umeme wa treni.

Nimeliweka behewa Mlimba, pamepimwa, pako sawa. Nikajiambia likitulia mpaka nitakapoitwa, sherehe iendelee na kesho natafuta mhandisi. Lisipotulia, napanda nasema mbele ya wote. Dakika kumi limetulia. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, mzee mzima.

Halafu wimbo umechangamka, wameanza kucheza. Vumbi la plasta linadondoka mlimani — na humu kwenye daftari. Behewa limeondoka. Nimelizuia kwa kidole cha kushoto, kwa mkono wa kulia naandika, sijui kwa nini naandika. Linasukuma. Kitu chepesi kama kiberiti, na linasukuma.

Haika amefungua mlango juu ya ngazi. Sauti yake ina kicheko.

"Baba Aikaeli, wote wameshafika. Washuke sasa, au wacheze kwanza wimbo mmoja?"

Anasubiri. Nyuma yake wanapiga makofi. Kidole changu bado —