Ndugu Hawaandikiani

Ghala, Muscat

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti limepoa na mahindi yameota vizuri. Mimi mwili ni mzima, ila roho inachemka, na sitakuficha kwamba wewe ni mmoja wa walioichemsha.

Uliponipigia simu kuniuliza mbona nimemnunia Dennis, mtoto wa dada yako, niliikata kabla sijakukosea adabu. Sasa nisikilize hadi mwisho.

Gereji ya kupaka magari rangi imefunguliwa. Wazo lilikuwa langu, wateja ni wangu, hata mashine ya kuchanganya rangi niliichagua mimi. Dennis nilimwita kwa sababu ya pasi yake ya Marekani tu. Nchi ile na Oman zina mkataba wa biashara, na kwa mkataba huo Mmarekani hufungua kampuni peke yake kwa masharti ya mwenyeji, kisha akapewa viza ya mwekezaji. Mimi wa pasi ya Kenya ningedaiwa ada za wageni ambazo singeziweza hata nikiuza figo. Tukapatana: jina lake, kazi yangu, gereji nusu kwa nusu. Wewe na mama mkubwa mlikuwa kwenye simu, mkasikia, mkaomba, mkasema amina.

Nilitaka tuandikiane. Ni nani aliyenikataza? "Huyo si binamu yako, ni ndugu yako. Ndugu hawaandikiani. Unataka kumwaibisha dada yangu?" Nami, mtu mzima mwenye mke, nikanyamaza kama mjinga.

Viza zikatoka. Yake ni ya mwekezaji. Yangu inasema fundi wa rangi, na mwajiri wangu ni Dennis. Mama, ndugu yangu ndiye kafili wangu, mdhamini mwenye viza yangu! Kabla mkataba wa kazi haujaisha siwezi kuhamia kazi nyingine bila ruhusa yake. Na kwa mshahara alioniandikia, siruhusiwi kumleta mke. Nekesa ameshaacha kazi ya shule, amefunga mizigo, sasa aende wapi? Mke wa Dennis yeye ameshafika, yuko mtaa wa Mabela anachagua mapazia.

Nilimfuata Dennis ofisini, nikamkuta anakunywa chai ya karaki.

"Bro, tulia," akaniambia. "Hiyo nusu tutaiangalia biashara ikishika. Si nakulipa poa?"

"Nusu ni yangu tangu mwanzo."

"Imeandikwa wapi?"

Nilitoka nje nikapiga msasa mlango wa gari la watu hadi karibu niutoboe. Mwenye gari ni Bwana Khamis, Mwomani aliyezaliwa Unguja. Aliniuliza nina nini, nikamweleza.

"Hamkuandikiana?" akasema. "Mwanangu, mie na kaka yangu tumenyonya ziwa moja, na kila duka tumetiliana sahihi. Ndo maana mpaka leo twapendana."

Ningemwambia nini, kwamba mama yangu aliona haya?

Basi usiniambie nisamehe. Dennis sasa anasema hakuniahidi kitu. Mashahidi ni wewe na dada yako. Mwiteni mjomba Wafula, kaka yenu mkubwa, aketi nanyi, na wewe useme ulichosikia. Dennis anamwogopa mjomba kuliko serikali yoyote. Utadai kwamba utavunja undugu wenu na dada yako. Na mimi nimezaliwa na nani? Ulikuwa mwepesi wa kunifunga mdomo, kuwa mwepesi vilevile wa kufungua wako.

Msalimie baba, asiache dawa zake za presha. Msalimie mjomba Wafula. Nekesa mwambie asiniwekee kinyongo, nitampigia, na kama mwalimu mkuu bado hajapata mtu, amrudie. Mama mkubwa naye mpe salamu zangu, lakini umpe baada ya kumwambia ukweli mbele ya mjomba. Kama huwezi kumwambia, basi salamu hizo usimpe. Nirudishie mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Simiyu